Funguo Alizopewa Nkatha

Vijana wa Wabera, nawajua kwa namna mnavyobisha geti. Anayetaka kuazima sufuria hubisha kwa ngumi. Anayetaka kuuliza habari za Kanada hubisha kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu aliyekuja kuposa. Mnaingia, mnasalimia vizuri, mnakunywa chai yangu, halafu swali linatoka: huko kazi ziko? Nawajibu ziko. Kisha linakuja swali la pili, lile linaloniumiza: "Mama Talaso, na yule Mama Nkatha, unaweza kutupatia namba yake?"

Namba yake ninayo. Leo nitawaambia kwa nini huwa naitafuta muda mrefu kwenye simu kabla ya kuwapa.

Kazi yangu ilikuwa usafi. Sikusafisha ofisi wala hospitali. Nilisafisha nyumba za kupangisha wanafunzi katika mji mmoja wa Kanada, si mkubwa wala si mdogo, wenye mto katikati na chuo kikuu juu ya kilima. Nilienda kwa karatasi za mume wangu Huka, Mungu amrehemu, aliyekuwa dereva wa lori huko, na alipofariki nikabaki na binti yetu Darmi. Nilirudi nyumbani magoti yalipokataa ngazi. Nkatha naye ni Mmeru wa hapa hapa Isiolo, alikuwa akiuza sukuma na vitunguu sokoni. Alifika ule mji baada yangu, akakaa kwa dada yake, hajui hata kuvaa glavu za kazi. Mimi ndiye niliyempigia debe akapata kazi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo linalonikereketa mpaka leo.

Kwanza mjue ule mji unakula nini, maana nyinyi mnadhani Kanada pesa zinaota kwenye theluji. Zamani walikuwa na kiwanda cha vipuri vya magari na kiwanda cha viatu. Vyote vilifungwa kabla sijafika. Nilikuta majengo tu, mengine madirisha yamevunjika, mengine yamegeuzwa vyumba vya wanafunzi. Kilichobaki ni chuo, pamoja na hospitali ambayo nayo ni ya chuo. Hapa kwetu siku ya mnada wa mifugo kila mtu anakula: mwenye hoteli, mtu wa boda, muuza nyasi, hata yule anayeuza kamba. Kule mnada ni Septemba. Wazazi wanakuja na magari yao, wananunua shuka, taa za mezani, sufuria ambazo mtoto hatazipikia kamwe. Dereva wa basi anaongezewa zamu. Kinyozi anaajiri msaidizi. Halafu mwisho wa Aprili wanafunzi wanaondoka na mji unakauka. Mwenye mkahawa anafunga mapema, anakaa mlangoni anaangalia barabara kama mchungaji wa Biliqo anavyoangalia mawingu. Wenzangu wazungu kazini walinung'unika kila mwaka kana kwamba jambo hilo limewashtukiza. Mimi nilizaliwa katika ukame, sikuona ajabu yoyote.

Sisi wasafishaji tulivuna wakati wengine wanalia njaa. Wanafunzi wakitoka, nyumba lazima zioshwe kabla ya wengine kuingia, na hapo ndipo utakapojua mtoto wa mtu amelelewa vipi.

Mwalimu wangu alikuwa mama Mfilipino, Mama Luz, mfupi, mkali, hana mchezo. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni, akanizuia nisiingie. Aliniambia nifumbe macho, ninuse. Nikanusa. Akaniuliza kuna nini. Nikasema kuna mafuta ya kukaangia yaliyooza, na kuna kitu kibichi chini ya sinki. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana kweli bomba lilikuwa likivuja. Pua ya mtu aliyekulia kwenye maziwa haidanganywi: sisi tukinusa chombo tu tunajua maziwa yatalala salama au yataganda kabla ya asubuhi.

Mambo mengine aliyonifundisha ni haya, na yatawafaa hata mkisafisha lojing'i za hapa mjini. Anza juu, malizia sakafu, usije ukashusha vumbi mahali ulipokwisha kupiga deki. Dawa ya klorini usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo, ukichanganya utazimia na mwenye nyumba atasema ulikuwa umelala kazini. Jiko la ovena lipake magadi yaliyolainishwa kwa maji, uliache, uende kwenye kazi nyingine. Ukilikwangua kwa hasira utaharibu ovena na bega lako. Na ukuta usiuangalie kwa macho, upapase. Wanafunzi hutundika picha kwa misumari, wakihama wanaziba matundu kwa dawa ya meno. Kwa macho ukuta ni mzima. Kwa kiganja unakutana na tundu baada ya tundu, na chumba chote kinanukia kama mtu aliyetoka kupiga mswaki.

Hayo yote nilimpa Nkatha bure. Na niseme ukweli mbele ya Mungu, usafi wake ulikuwa wa kawaida. Pembe za bafu alikuwa akizipita tu kama mtu anayesalimia asiyetaka kuambiwa keti. Mimi nilikuwa nikirudi nyuma yake kumalizia. Lakini Nkatha alikuwa na mdomo. Mimi niliingia nyumba ya wanafunzi nikaona uchafu. Yeye aliingia akaona watoto. Alijua nani anatoka Lagos, nani anatoka Dhaka, nani amefeli hesabu, nani mama yake ni mgonjwa. Anaacha ufagio, anasimama mlangoni na kuuliza, "Na wewe umekula?" Mimi nikimwona amesimama hivyo, nilikuwa nakoroga ndoo kwa kelele ili ajue kazi inangoja.

Sasa nifike kwenye kisa cha moshi.

Darmi alikubaliwa pale pale chuoni, mwaka ule alipomaliza shule. Mtoto niliyemleta akilia baridi, leo anapanda kilima pamoja na watoto wa madaktari. Kwetu Borana huwezi kupokea habari kama hiyo kwa soda. Mtoto hupewa maziwa kutoka gorfa, kile chombo chetu cha kusuka, kilichofukizwa kwa kijinga cha moto mpaka maziwa yashike harufu. Gorfa nilikuwa nayo, mama yangu alinipa kule kwetu Kinna siku niliyosafiri, na nilikuwa nimeisafirisha ndani ya sanduku nikiwa nimeizungushia nguo za baridi. Maziwa yao ya pakiti yana ladha ya maji yaliyoosha kikombe, lakini nilijua moshi utayarekebisha.

Nyumbani kwetu ghorofa ya chini alikaa mzee mwenye pumu, nikaogopa kumsumbua. Nikajiambia nitafukiza kazini. Tulikuwa tunasafisha jengo la wanafunzi karibu na chuo, mimi juu, Nkatha chini, na chumba nilichokuwemo kilikuwa kitupu. Nikafungua madirisha. Nikachukua vipande vya mti wa tofaa, vile wanavyouza kwa ajili ya kuchoma nyama, nikaviweka juu ya jiko la umeme mpaka vikashika moto. Nikatia kaa ndani ya gorfa, nikafunika, nikatikisa kama mama alivyokuwa akitikisa. Jamani, harufu ilitoka nikajiona niko Kinna. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya moshi.

Halafu king'ora kikalia. Si cha chumba kile, ni cha jengo zima. Huko kuna vidude juu ya dari vinavyonusa moshi, na nilivijua, hata nilikuwa nikivifuta vumbi, ila nilidhani ni vya moto wa kuunguza nyumba. Sikujua vitashindwa kutofautisha moto na heshima.

Ilikuwa wiki ya mitihani na theluji ya mwisho ilikuwa bado chini. Wanafunzi walitoka na kandambili, mmoja amejifunga blanketi, mwingine amekumbatia paka asiyeruhusiwa kuwa mle ndani. Gari la zimamoto likaingia likipiga kelele. Mimi nilishuka na gorfa yangu mkononi, moshi bado unatoka mdomoni mwake. Nkatha alinishika mkono.

"Talaso, umechoma nini huko juu?"

"Sijachoma. Nimefukiza."

"Hawa watu hawajui hiyo tofauti. Nyamaza kwanza, wacha mimi niongee."

Akaongea. Aliwapanga wale wanafunzi ukutani, akawaita mmoja mmoja kwa majina, kisha akasema kuna kijana mmoja hayupo, ana tabia ya kulala ameziba masikio. Akawaonyesha watu wa zimamoto mlango wenyewe. Wakaenda, wakamshusha, amevaa kaptura, hajui kunaendelea nini. Kisha akaeleza habari za gorfa, kwamba huyu mama anambariki binti yake. Mmoja wa wale watu wa zimamoto akainama akanusa chombo cha mama yangu, akacheka, akasema kinanukia kama nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Wallahi nilitaka kumpiga nacho.

Mwenye jengo alifika. Alikuwa mzee, amechoka, ana nyumba kadhaa za wanafunzi na hana mtoto anayetaka kuzisimamia. Alimkuta Nkatha amekwisha kugawa chai ya kopo kwa wanafunzi wake. Alimkuta msafishaji anayejua nani analala chumba gani kuliko yeye mwenye nyumba. Wiki iyo hiyo akampa funguo za majengo yote, akamfanya msimamizi. Mimi nilipewa onyo. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo tunavyosema. Mimi nilichuma peke yangu nikala peke yangu, na mwenzangu akapewa funguo.

Mnacheka. Sawa, chekeni. Lakini sikilizeni kilichonichoma zaidi ya funguo. Darmi alikuja pale akitokea shuleni, akaona gari la zimamoto, akakimbia. Kabla sijafungua mdomo, Nkatha alimrukia, akamkumbatia, akampongeza kwa kukubaliwa chuoni. Pongezi zangu! Nilizokuwa nimezihifadhi kwa ajili ya gorfa! Nilitia ndani ya gorfa maziwa ya pakiti niliyokuja nayo, Darmi akayanywa pale pale kwenye ngazi, kisha akampa Nkatha naye anywe. Nkatha akakunja uso, akasema matamu. Najua hayakuwa matamu kwake.

Kuanzia hapo mambo yake yalipanda tu. Yule mzee alipochoka kabisa alimuuzia nyumba moja karibu na chuo, kwa kulipa polepole, nyumba ya zamani ya mbao yenye vyumba vingi. Nkatha akapangisha wanafunzi, wale wa kigeni hasa, waliofika hawana mtu. Wiki ya mitihani aliwapikia mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, sufuria moja kubwa, kila mtu na kijiko chake. Wazazi walioko ng'ambo walikuwa wakimpigia yeye simu badala ya chuo. Mji mzima unaokula kwa wanafunzi, na wenye nyumba wengine hawakuwajua wapangaji wao hata kwa sura. Nkatha ndiye pekee aliyegundua kwamba mtu akilishwa vizuri hahami, na huleta mdogo wake. Hiyo ndiyo biashara yake yote. Mimi niliiona kwa macho yangu kila siku na sikuiona.

Mimi niliendelea na ndoo. Nilikuwa nikisafisha nyumba yake pia, mniulize vizuri, na alinipa heshima, aliniita dada, alinitolea chai. Afadhali angenidharau. Mtu anayekudharau unaweza kumchukia ukapumzika.

Mwaka wa pili wa masomo, Darmi alihamia kwa Nkatha. "Ni karibu na maktaba tu, Mama," aliniambia, "basi linanichelewesha." Ni kweli basi lilikuwa linachelewa. Lakini nikienda Jumapili na pilau yangu namkuta ameshashiba mukimo. Namwongelesha Kiborana ananijibu kwa Kiingereza, na halafu namsikia jikoni akitaniana na Nkatha kwa Kimeru. Kimeru! Mtoto wa Huka! Nikamuuliza nani amemfundisha, akasema hakufundishwa, alikisikia tu. Mimi nilikuwa nikimsikilizisha Kiborana tangu tumboni.

Mnaweza kusema nilikuwa nashinda kazini, sikuwa nyumbani kumwongelesha. Najua hilo, na kulijua hakujanisaidia.

Haya, nikastaafu, nikarudi, nikajenga hii nyumba mnayoiona, na nikajenga chumba cha pili makusudi. Kila mtu aliniuliza chumba hicho ni cha nani. Nilisema cha wageni. Kilikuwa cha Darmi. Katika maisha yangu yaliyobaki sikutaka kitu kingine: mtoto wangu arudi alale chini ya paa langu, awe wangu bila kugawana na mtu.

Mungu ana njia zake. Juzi juzi serikali yao ilipunguza wanafunzi wa kigeni. Ule mji ukapata ukame wa kweli, si ule wa Mei wa kila mwaka. Septemba ikafika, mnada haukujaa. Mikahawa ikafungwa, chuo kikaanza kupunguza watu. Nilisikia vyumba vya Nkatha vimebaki vitupu, na hapa Wabera, nikiwa nimekaa kwenye hiki kiti, nilifurahi. Nikajiambia aliye juu mngoje chini. Nilikuwa nimemngoja sana.

Halafu Darmi akapiga simu. Alikuwa ameajiriwa pale chuoni, katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na ofisi ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kukatwa.

"Rudi nyumbani, mwanangu," nilimwambia. "Chumba chako kiko tayari."

"Nitafikiria, Mama. Mama Nkatha amesema nirudi kukaa kwake, nisijali rent."

Mnaona? Hata ukame wake ulikuwa na faida kwake. Vyumba vilipokuwa vitupu ndipo alipopata nafasi ya kumweka mtoto wangu.

Niliomba, nilinyenyekea, nilimtumia picha za chumba, pazia, kitanda kipya cha fundi wa hapa mjini. Nilimwambia Isiolo imebadilika, kuna barabara ya lami, kuna uwanja wa ndege. Mwishowe akasema anakuja. Hakusema kwa muda gani na mimi sikuuliza, maana kuna maswali mtu huyaacha yalale.

Alifika wiki iliyopita. Alikuwa amekonda. Tulikumbatiana pale getini mpaka jirani akaona haya akaingia ndani. Alikula kidogo, akalala, na mimi nilikaa sebuleni nikisikiliza pumzi yake kupitia mlangoni kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwa mchanga. Nilikuwa tajiri kuliko mwenye nyumba yeyote wa mji ule.

Asubuhi nilikuwa jikoni napika chai. Nikasikia sauti chumbani mwake. Nikadhani ananiita, nikajibu. Hakuwa ananiita. "Muga, Mama," alisema kwenye simu, na Kimeru kikaanza kumwagika, na kicheko ambacho sikukisikia getini. Kimeru cha sokoni nakifahamu. Miaka mingi nilinunua vitunguu. Nilimsikia akimwambia kuwa amefika salama, kwamba mimi nimezeeka, kwamba nyumba ni nzuri. Nikamsikia akimwambia asimpe mtu kile chumba, atakuwa amerudi kabla ya Septemba.

Nilimimina chai. Akatoka akiwa amejifunga leso yangu, akakaa, akanywa, akanitazama kwa upendo, naapa ulikuwa upendo, siwezi kumsingizia.

"Chai ni nzuri, Mama," alisema. "Mama Nkatha huweka tangawizi."

Nilimwambia anywe tu, narudi sasa hivi. Nikajitanda mtandio, nikafungua geti, nikaenda dukani kununua tangawizi, na nilikuwa na hasira njia nzima, kwenda na kurudi.